SOMO LA MAKAZI: Kalamu Kabla ya Mwiko – Kuzikabili Kasoro Zilizofichika Katika Nyumba ya Zamani Uliyoinunua



Wahenga walituachia methali isemayo nyumba njema si mlango. Mlango huonwa na kila mpita njia, lakini wema wa nyumba humo ndani hujulikana na yule anayelala humo usiku wa mvua. Katika Wilaya yetu ya Chunya methali hii ina uzito wa pekee. Uwanja wa dhahabu wa Lupa ulivuta maelfu ya watu katika miaka ya 1920 na 1930, na tangu hapo watu wamekuwa wakija, wakijenga, wakihama na kuuza kwa kuifuata dhahabu inapoelekea. Nyumba nyingi zinazouzwa leo Chunya mjini, Makongolosi, Matundasi au Lupa zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Kila mmiliki aliacha kitu: mmoja chumba cha nyongeza, mwingine shimo, wa tatu deni.

Somo hili linamhusu mtu ambaye tayari amenunua. Fedha imekwisha kutoka, funguo zipo mkononi, na sasa nyumba imeanza kusema yale ambayo muuzaji hakuyasema. Wengi, wakifika hapo, humwita fundi mara moja apake lipu juu ya ufa na rangi juu ya unyevu. Kufanya hivyo ni kukosea mara mbili. Ugonjwa hubaki ndani ya ukuta, na ushahidi ambao ungemsaidia mnunuzi kudai haki yake hufunikwa pamoja nao. Kwa hiyo tunapendekeza mpangilio wenye hatua nne, nao usivurugwe: kwanza uhai, pili ushahidi, tatu tiba, nne haki.

KWA NINI KASORO HUJIFICHA

Sababu ya kwanza ni majira. Mvua zetu huanza takriban mwezi Novemba na kumalizika Aprili, na nyumba nyingi huuzwa kiangazi, baada ya mavuno ya tumbaku au wakati kazi za machimbo zimechangamka. Nyumba inayokaguliwa mwezi Agosti haionyeshi paa linalovuja wala ua unaojaa maji. Kwa sababu hiyo masika ya kwanza ndiyo mtihani wa kweli wa nyumba yoyote iliyonunuliwa kiangazi.

Sababu ya pili ni rangi. Nyumba ya miaka 40 iliyopakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa haina budi kuulizwa maswali. Pengine mwenyewe alitaka tu ipendeze. Pengine chini ya rangi kuna mstari wa maji, njia ya mchwa, au alama ya X iliyowekwa na wasimamizi wa barabara.

Sababu ya tatu ni ukimya wa majirani. Jirani mwema huona haya kuharibu biashara ya mwenziwe. Lakini jirani huyo huyo, mauzo yakishakamilika na ukamtembelea kwa heshima, atakueleza mengi: mahali palipokuwa na choo cha zamani, mwaka ukuta ulipoanguka, na kazi iliyokuwa ikifanyika katika chumba cha uani. Katika juma la kwanza watembelee wazee wa kitongoji. Hakuna mkaguzi anayeijua nyumba kuwapita wao.

HATUA YA KWANZA: UHAI

Kabla ya kuhesabu hasara, jiulize kama ndani ya nyumba hiyo kuna kitu kinachoweza kuua au kulemaza. Hapa kwetu vipo vitano vya kuangaliwa mapema.

Zebaki. Kabla ya masoko ya madini kuanzishwa mwaka 2019, ununuzi wa dhahabu ulifanyika mara nyingi katika nyumba na maduka ya watu, na mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ulichomwa jikoni, chumbani au kibarazani. Zebaki inapochomwa hugeuka mvuke usioonekana wala kunusika. Mvuke huo hupoa na kuganda katika masizi ya kenchi, katika nyufa za sakafu na katika udongo wa ua, kisha huendelea kutoka kidogo kidogo, hasa siku za joto. Hudhuru neva na figo, na huwaathiri zaidi watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020 kwa sababu ya madhara hayo.

Ukiambiwa kwamba chumba fulani kilitumika kuchomea dhahabu, au ukiona matone ya rangi ya fedha yanayokimbia sakafuni, usifagie, kwani ufagio huyapasua matone na kuongeza mvuke. Usiyamwage chooni, wala usichome takataka za chumba hicho. Fungua madirisha, funga mlango wa ndani, watoe watoto na wajawazito, kisha toa taarifa kwa afisa afya wa kata au afisa mazingira wa Halmashauri. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, na huko ndiko sampuli zinakoweza kuelekezwa. Iwapo mtu aliyeishi humo anatetemeka mikono, anakosa usingizi, anasahau sana au ana vidonda vya fizi, aende kituo cha afya na amweleze mganga waziwazi kwamba amelala katika chumba kilichochomewa dhahabu. Mganga asipoambiwa, hataweza kukisia.

Mashimo. Katika maeneo yetu ya machimbo si ajabu duara la zamani kufunikwa kwa magogo na udongo, kisha uwanja ukauzwa kama uwanja mwingine wowote. Vivyo hivyo vyoo vya shimo vilivyojaa na visima vilivyoachwa. Dalili zake ni udongo unaobonyea baada ya mvua, mduara wa majani mabichi kuliko yanayouzunguka, au ardhi inayotoa mlio wa uwazi ikigongwa. Pima kwa kuchoma nondo ndefu ardhini hatua kwa hatua, ukiwa umesimama upande ulio imara na mtu mwingine akiwa karibu. Shimo likigunduliwa, zungushia uzio siku hiyo hiyo. Mtu yeyote asiteremke humo, hata kwa dakika moja, kwa kuwa hewa ya shimo lililofungwa muda mrefu huweza kukosa oksijeni na kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Anayeteremka kumwokoa huanguka vilevile.

Umeme. Nyaya za zamani huliwa na panya, viunganishi hulegea, na wamiliki waliotangulia huongeza vyumba bila kuongeza uwezo wa nyaya. Swichi inayopata joto, harufu ya plastiki inayoungua, au bati linalokupiga shoti ukiligusa ni amri ya kuzima swichi kuu. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, si kila ajuaye kufunga taa. Mwombe apime pia waya unaoteremsha umeme ardhini, maana katika nyumba kongwe mara nyingi umeoza au haupo.

Paa na ukuta unaotaka kuanguka. Kenchi iliyopinda, ukuta uliovimba kuelekea nje, au kizingiti cha juu ya mlango kilichokatika ni sababu ya kukihama chumba hicho usiku huo huo. Msilale humo kusubiri fundi wa kesho.

Asibesto. Baadhi ya majengo ya miaka mingi yaliezekwa au kuwekewa dari la vigae vya kijivu vilivyo vizito na vigumu kama saruji. Vikiwa vizima na vimetulia, hatari yake ni ndogo. Vikikatwa, kutobolewa au kuvunjwa hutoa nyuzi ndogo mno zinazoingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Usiruhusu fundi avipige msumeno wala avitupe jalalani. Ulizia kwanza kwa afisa mazingira.

HATUA YA PILI: USHAHIDI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari moja, liite Daftari la Nyumba, na tangu siku ya kwanza andika humo kila unachokiona, pamoja na tarehe. Usiandike "ukuta mbaya". Andika: "Tarehe fulani, chumba cha mashariki, ufa kutoka pembe ya dirisha hadi dari, unaingia ncha ya kalamu." Piga picha mbili za kila kasoro, moja ya karibu ikiwa na rula au sarafu ili ukubwa uonekane, na nyingine ya mbali inayoonyesha chumba chote.

Kisha mwite shahidi. Anayefaa ni mtu asiye na masilahi katika jambo hilo, mathalani mwenyekiti wa kitongoji, au fundi mwashi mzoefu ambaye hatapewa kazi ya ukarabati. Mwombe aandike alichokiona na atie sahihi. Maelezo ya kitaalamu ya mhandisi wa ujenzi yana nguvu zaidi, hasa pale gharama inapokuwa kubwa.

Ikiwa uhai unadai ukarabati wa haraka, ufanyike. Hakuna sheria inayomtaka mtu awaache watoto wake chini ya paa linaloanguka. Lakini piga picha kabla, wakati na baada ya kazi, hifadhi vipande vya mbao iliyoliwa au nyaya zilizoungua, na utunze kila risiti.

Mwisho wa hatua hii ni barua kwa muuzaji. Usimpigie simu tu, kwa kuwa maneno ya simu hupeperuka. Barua inaweza kuwa fupi namna hii:

"Ndugu ......, tarehe ...... ulinikabidhi nyumba iliyopo ...... kwa mkataba tuliotia sahihi mbele ya mashahidi. Tarehe ...... nimegundua kasoro zifuatazo: ....... Kabla ya mauzo ulinieleza kwamba ....... Ninakuomba ufike kuziona ndani ya siku 14, ili tukubaliane namna ya kuzirekebisha au kurejesha sehemu ya bei. Kazi ya dharura ya ...... nitaifanya kwa sababu ya usalama, na gharama yake nitakuonyesha."

Tengeneza nakala mbili. Muuzaji asaini ile utakayobaki nayo. Akikataa, iwasilishe mbele ya shahidi na uandike kuwa amekataa. Lugha iwe ya staha. Muuzaji wengine hawakujua kasoro hiyo, na barua ya matusi humfunga mdomo hata yule aliyekuwa tayari kusaidia.

HATUA YA TATU: TIBA

Sasa fundi anaweza kuitwa, lakini naye aanze na chanzo. Tuangalie maradhi manne yanayoonekana zaidi.

Nyufa. Si kila ufa ni msiba. Nyufa nyembamba kama nywele zilizotapakaa juu ya lipu mara nyingi ni za lipu yenyewe iliyokauka haraka. Ufa wa kutazamwa ni ule unaopanda mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, unaopita katikati ya tofali, au uliotokeza pande zote mbili za ukuta. Huo huashiria kwamba upande mmoja wa msingi umetitia. Chora mstari wa penseli mahali ufa unapoishia, andika tarehe, na upime upana wake kila mwezi, kiangazi na masika. Ufa uliotulia hujazwa. Unaokua unahitaji kutafutiwa chanzo: maji ya paa yanayomwagika msingini, mti mkubwa uliopandwa karibu, shimo la maji taka linalovuja, au duara la zamani lililo chini. Tukumbuke pia kwamba tunaishi kando ya bonde la ufa. Desemba 1910 eneo la Rukwa, magharibi yetu, lilipigwa na tetemeko la kipimo cha takriban 7.4, na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Ukuta wenye ufa usiotibiwa ndio hutangulia kuanguka siku ya namna hiyo. Ndipo tunapouelewa usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Unyevu. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila tabaka la nailoni au lami juu ya msingi la kuzuia maji ya ardhini yasipande. Dalili yake ni unga mweupe wa chumvi na lipu inayomenyuka kuanzia chini hadi usawa wa magoti au kiuno. Kosa la kawaida ni kupiga lipu nzito ya saruji juu ya ukuta wa tofali mbichi. Saruji huyafungia maji ndani, tofali hulainika, na baada ya misimu michache lipu huanguka ikiwa imeshikana na udongo wa ukuta. Anza nje: teremsha udongo uliolundikana juu ya usawa wa sakafu, chimba mfereji wa kuondoa maji, panua kingo za paa au weka mabomba ya kupokelea maji ya mvua. Mpe ukuta kiangazi kizima ukauke, ndipo upige lipu. Kwa ukuta wa udongo, lipu ya udongo au yenye chokaa hupumua vizuri kuliko ya saruji tupu.

Mchwa. Gonga miimo ya milango na kenchi kwa kipini cha bisibisi. Mbao inayotoa mlio wa mtungi mtupu imekwisha kuliwa. Tafuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kutoka ardhini, kwa maana mchwa hurudi ardhini kufuata unyevu. Kubadilisha mbao bila kuikata njia hiyo ni kuwaandalia chakula kipya. Ondoa magogo, maboksi na mabaki ya mbao yaliyoegemezwa ukutani, kausha unyevu, kisha tumia kiuatilifu kilichosajiliwa, kipulizwe na mtu aliyefunzwa. Dawa zilizobaki shambani zisipulizwe vyumbani, kwani kilichokusudiwa kwa tumbaku hakikukusudiwa kwa kitanda cha mtoto.

Paa. Panda darini mchana, zima tochi, na utafute vitobo vinavyopenyeza mwanga. Kagua kofia ya paa na vichwa vya misumari, maana bati mara nyingi huvuja pale msumari ulipolegea kabla halijaoza lenyewe. Msumari hugharimu kidogo. Kenchi iliyooza kwa miaka 5 ya tone moja hugharimu paa zima.

KASORO ZA KARATASI

Kuna kasoro nyingine zisizoonekana hata kwa tochi, nazo huweza kuichukua nyumba yote. Ikiwa hukuzichunguza kabla ya kununua, zichunguze sasa.

Umiliki. Muhuri wa mwenyekiti kwenye mkataba ni ushahidi kwamba mauziano yalifanyika. Haumgeuzi muuzaji kuwa mmiliki. Kwa kiwanja chenye hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, nao utaonyesha jina la mmiliki na kama nyumba imewekwa rehani benki. Kwa ardhi ya kijiji inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, uhamisho hupitia Halmashauri ya Kijiji.

Ndoa na mirathi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama aliyeuza ni mtoto mkubwa wa familia. Ikiwa ridhaa ya mwenzi au barua ya uteuzi haipo, itafute mapema, kabla mgogoro haujazaliwa.

Barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyo kandokando ya barabara ya Mbeya hadi Makongolosi ipimwe. Uliza TANROADS kwa barabara hizo, na TARURA kwa barabara za wilaya.

Madini. Dhahabu iliyo chini ya sakafu yako si sehemu ya ulichonunua, kwa kuwa kisheria madini yote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Serikali. Chunya ni mkoa wa kimadini wenye Afisa Madini Mkazi. Ofisini kwake unaweza kujua kama kiwanja chako kimo ndani ya eneo la leseni ya mtu, na kama kuna kumbukumbu za uchimbaji wa zamani mahali hapo.

Madeni. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hulipwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Nyumba iliyokaa bila watu huwa na miezi ya kodi inayosubiri, na mnunuzi hushangaa kuona fedha aliyolipia umeme imekatwa. Ulizia pia kodi ya pango la ardhi na bili ya maji. Iombe TANESCO iikague mita, ili usije ukahesabiwa kuwa wewe ndiwe uliyeichezea.

HATUA YA NNE: HAKI

Wengi hudhani kwamba sheria humlazimisha muuzaji wa nyumba kutaja kila kasoro. Hali haiko hivyo. Jirani zetu wa Kongo walirithi kutoka kwa Wabelgiji sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo humfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zilizojificha. Sisi tulirithi mkondo mwingine, unaomtaka mnunuzi mwenyewe ajihadhari. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, kunyamaza peke yake kwa kawaida si udanganyifu. Lakini kusema jambo la uongo kwa kulijua, au kuuficha ukweli kwa vitendo, ni udanganyifu. Mtu aliyenyamaza kuhusu ufa yuko mbali na mtu aliyeuziba kwa gundi na kuupaka rangi. Na aliyeulizwa, "Je, hapa palikuwa na duara?" akajibu, "Hapana," hali anajua lilikuwapo, yuko mbali na ambaye hakuulizwa.

Kifungu cha 19 humpa mnunuzi aliyedanganywa uchaguzi. Anaweza kuuvunja mkataba, au kuushikilia na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maelezo yangekuwa ya kweli. Hata hivyo kifungu hicho kina onyo. Ikiwa ridhaa yake ilitokana na maelezo yasiyo sahihi au ukimya wa hila, naye alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuuvunja mkataba. Hii ndiyo sababu tunasisitiza kuuliza, kukagua na kuandika. Sheria humsaidia aliyefumbua macho akafichwa, na humwacha aliyefumba macho mwenyewe.

Usichelewe. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Palipo na udanganyifu, muda huanza kuhesabiwa pale ulipogunduliwa au ulipoweza kugunduliwa kwa juhudi ya kawaida. Lakini kukaa kimya miaka mingi huku ukiitumia nyumba huweza kutafsiriwa kuwa umeridhia.

Njia ya kufuata ni hii. Anzeni kwa mazungumzo mbele ya wazee na mwenyekiti, na makubaliano yaandikwe. Yakishindikana, na ikiwa ni mgogoro wa ardhi, nendeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo husuluhisha, halitoi hukumu. Likishindwa kuwasuluhisha ndani ya siku 30, shauri huweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hupatikana kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia imenunua nyumba Matundasi mwezi Agosti. Katika mkataba muuzaji ameandika kwamba "kiwanja hakina shimo lolote". Mwezi Januari, baada ya mvua ya siku tatu, ua unabonyea upande wa jikoni, na ufa mshazari unapanda kutoka pembe ya dirisha.

Siku ya kwanza baba na mama wanawahamishia watoto chumba cha upande wa pili na kuzungushia uzio pale palipobonyea. Siku ya pili wanapiga picha, wanachora mstari wa penseli mwisho wa ufa, na kumwita mwenyekiti. Siku ya nne bibi mmoja jirani anawaeleza kwamba muuzaji mwenyewe alichimba duara hapo, naye anakubali maelezo yake yaandikwe. Wiki inayofuata barua inakwenda kwa muuzaji. Ofisi ya madini inaombwa kumbukumbu, na fundi anaelekezwa kuyapeleka maji ya paa mbali na msingi kwa mfereji wa muda, bila kulifukia shimo kabla halijakaguliwa.

Familia hii haijashinda shauri lolote bado. Lakini ina watoto salama, ukuta usioendelea kuloa, na mambo matatu mkononi: tamko la maandishi la muuzaji, shahidi wa kulikanusha, na picha zenye tarehe. Muuzaji atakapoketi mbele ya wasuluhishi, mazungumzo yatahusu kiasi cha kurejesha. Hakutakuwa na nafasi ya kubishana kama shimo lilikuwapo. Kama wangelifukia shimo na kuupaka ufa lipu siku ya kwanza, wangebaki na neno lao dhidi ya neno lake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, unajua kila chumba cha nyumba yako kilitumika kwa kazi gani kabla yako, na nani amekueleza?
2. Je, ni nyufa zipi ulizoziwekea alama na tarehe, na zipi umezifunika tu?
3. Maji ya paa lako yanaishia wapi mvua inaponyesha usiku kucha?
4. Je, jina lililo kwenye hati, mkataba na mita ya LUKU ni la nani?
5. Kama ungelazimika kesho kuthibitisha kasoro moja mbele ya Baraza la Kata, ungeonyesha karatasi gani?

Asiyeweza kulijibu swali la tano aanze Daftari la Nyumba leo, kabla ya mvua inayofuata. Na anayejiandaa kununua ayachukue maswali haya kwa muuzaji, ayaandike, na majibu yatiwe sahihi ndani ya mkataba wenyewe. Kwa ushauri zaidi fika ofisi ya Mtendaji wa Kata yako, naye atakuelekeza kwa afisa ardhi, afisa afya au mhandisi anayehusika.